Hilux Vigo imeinuliwa mm 50, matairi ya 285/75R16 yanakwaruza: nianzie wapi?

Nyundo_Lira

Ndugu zangu, habari za kazi. Naomba msaada kuhusu Hilux Vigo ya 2011, dabo kabini, dizeli ya 3.0, inayoendeshwa na magurudumu manne. Mbele imeinuliwa kwa spesa za mm 25 zilizofungwa juu ya shokapu, na gari limepanda karibu mm 50. Nyuma springi zimeongezwa jani moja, zimepanda mm 40. Matairi ya mwanzo yalikuwa 265/70R16 kwenye rimu za kiwandani za inchi 7, ofseti +30 (mm kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaokaa kwenye habu). Sasa yako 285/75R16 kwenye rimu za inchi 8, ofseti 0.

Nikikata usukani hadi mwisho, hasa kushoto, tairi linakwaruza upande wa nyuma, karibu na miguu ya abiria. Tena njia ya Abim kwenda Kotido, huku Karamoja, Uganda, gurudumu moja likitumbukia shimoni huku usukani umekatwa, nasikia plastiki ikilia, na ile plastiki ya ndani ya madigadi imeshatoboka.

Fundi mmoja anataka aongeze spesa nyingine ya mm 15 juu ya shokapu ili gari lipande zaidi. Mwingine anasema nifunge spesa za mm 30 kwenye magurudumu ili matairi yatoke nje. Gari linabeba mzigo, mara nyingi kilo 600 hadi 700. Ningependa kubaki na kimo hiki, na kama inawezekana nisikate chuma.

---

Fundi_Ndeeba

Ndugu Nyundo, usifanye lolote kati ya hayo mawili kabla ya kupima. Yote mawili yatakula pesa yako na tairi litaendelea kugusa.

Watu wengi hawaambiwi jambo hili dukani: kuinua springi kunabadilisha kimo cha gari likiwa limesimama tu. Hakubadilishi mahali tairi linapofika springi ikibonyea hadi mwisho. Mwisho huo unaamuliwa na raba ya kugotea, ile inayokutana na mkono wa chini, na raba hiyo hakuna aliyeigusa. Sasa piga hesabu. Tairi la 265/70R16 lina kimo cha mm 777. La 285/75R16 lina mm 834. Tofauti ni mm 57, yaani kutoka kitovu hadi juu ya tairi umeongeza mm 28. Gari likiwa limesimama unaona nafasi kubwa, maana umeinua 50 na tairi limekula 28. Lakini gurudumu likitumbukia na springi ikabonyea mpaka kwenye raba, nafasi yako ni mm 28 pungufu kuliko gari lilivyotoka kiwandani. Ndiyo maana uwanjani linaonekana zuri na njia ya Kotido linakata plastiki.

Spesa ya juu ya shokapu ina ubaya wake mwingine. Mm 25 pale juu huwa karibu mm 50 kwenye gurudumu kwa sababu shokapu imeshika mkono wa chini katikati, si mwishoni. Spesa hiyo imeisukuma shokapu nzima chini. Gurudumu likipanda hadi mwisho, shokapu inabanwa mm 25 zaidi ya ilivyotengenezwa kubanwa, na inaweza kugonga ndani yake kabla raba ya kugotea haijafanya kazi. Ukiongeza mm 15, unaharakisha hilo. Na gurudumu likining'inia, sivi jointi (viungo vya shafti za magurudumu ya mbele) zinakaa kwenye pembe kali, buti zake zinachanika, na mkono wa juu unaanza kugusa koili. Kwa mbele ya Vigo, mm 50 ndiyo mpaka wa busara bila kubadilisha mikono ya juu.

Kwa hiyo pima kwanza. Kuna mahali panne ambapo tairi hugusa, na kila mahali pana dawa yake: nyuma ya tairi (plastiki, madflapu, au mguu wa kabini, yaani kile kibao cha fremu kinachobeba raba ya kabini), mbele kwenye pembe ya bampa, juu ndani ya madigadi, na upande wa ndani kwenye mkono wa juu. Pandisha upepo wa kawaida, osha tope lote, kisha paka chokaa au rangi ya maji nyeupe kwenye mabega yote mawili ya tairi, la ndani na la nje. Endesha polepole, kata usukani hadi mwisho kushoto, piga breki. Rudi nyuma ukiwa umekata, piga breki tena. Usiruke hilo la breki. Ukipiga breki ukienda mbele, bushi zinajikunja na gurudumu linasogea nyuma milimita kadhaa. Ukipiga breki ukirudi kinyumenyume linasogea mbele kuelekea bampa. Gari lililopimwa likiwa limesimama hudanganya.

Hicho ni kipimo cha tambarare. Kipimo cha kweli cha shimoni ni hiki: gari juu ya stendi imara zilizowekwa chini ya fremu, toa shokapu pamoja na koili yake, fungua kiungo cha stabilaiza (fimbo inayozuia gari kulala upande), rudisha gurudumu, kisha weka jeki chini ya mkono wa chini upandishe polepole mpaka raba ya kugotea iguse na kubonyea kidogo. Hapo zungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho. Unaona kwa macho tairi linapogusa, na kwa kiasi gani. Usiache mkono uning'inie bila jeki shokapu ikiwa nje: bomba la breki litavutika na sivi jointi inaweza kuchomoka ndani. Kazi hii ni ya nusu siku, lakini baada yake hukisii tena.

Ukishajua, alaimenti (kupanga pembe za magurudumu) ndiyo ya kwanza kujaribu kwa kero ya nyuma. Mkono wa chini wa Vigo umefungwa kwa bolti mbili zenye kemu, yaani visahani visivyo na kitovu katikati, ambavyo vikizungushwa vinasogeza mkono. Kemu ya mbele ikiingizwa ndani na ya nyuma ikitolewa nje, mkono unageuka kidogo na gurudumu linasogea mbele, mbali na mguu wa kabini. Unapata mm 5 hadi 10, na kasta (mlalo wa mhimili wa usukani kuelekea nyuma), ambayo ilishuka ulipoinua gari, inarudi. Mwambie wa alaimenti hivyo hivyo kwa maneno, maana wengi wanaangalia tu taa ya kijani kwenye kioo. Lenga kasta nyuzi 3, isishuke chini ya 2.5, kemba (mlalo wa gurudumu kwenda ndani au nje) karibu na 0, tofauti ya kushoto na kulia isizidi nusu nyuzi. Bolti za bushi zikazwe gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake. Zikikazwa magurudumu yananing'inia, bushi zinakaa zimejipinda muda wote na kuchanika mapema. Kemu zikikataa kugeuka kwa kutu, usizipige nyundo. Paka mafuta ya kulegeza, ziache zilale usiku.

---

Rimu16

Naunga mkono yote ya Fundi, ila kwangu mimi kosa kubwa la gari hili ni rimu, na halijaguswa bado.

Rimu ya inchi 7 yenye ofseti +30 inatoka nje ya uso wa habu kwa mm 59 na kuingia ndani kwa mm 119. Ya inchi 8 yenye ofseti 0 inatoka mm 102 na kuingia mm 102. Maana yake ukingo wa nje umesogea mm 43 nje. Kwa tairi lenyewe, katikati yake imesogea mm 30 na upana umeongezeka mm 10 kila upande, hivyo bega la nje liko karibu mm 40 nje ya lilipokuwa.

Kwa nini hilo linaleta kukwaruza nyuma? Kwa sababu gurudumu halizunguki kwenye kitovu chake unapokata usukani. Linazunguka kwenye mstari unaounganisha boli jointi ya juu na ya chini, kama mlango kwenye bawaba zake. Kadiri linavyokaa mbali na bawaba, ndivyo linavyofagia eneo kubwa zaidi. Ukikata kushoto, gurudumu la kushoto linarudi nyuma kuelekea mguu wa kabini na la kulia linaenda mbele kuelekea bampa. Ndiyo sababu unasikia upande wa abiria. Katikati ya tairi imesogea mm 30 nje. Usukani ukikatwa nyuzi 35 hivi, hizo 30 zinalirudisha gurudumu mm 17 nyuma zaidi ya zamani. Kimo kipya cha tairi kinaongeza kama mm 23. Jumla umepoteza karibu mm 40 pale nyuma, na kemu zikikurudishia 8 hivi, bado una 32 za kutafuta.

Spesa za magurudumu za mm 30 zitakupeleka kubaya zaidi: mm 17 nyingine nyuma, na mzigo zaidi kwenye bearing na boli jointi. Spesa hizo zinatibu ugonjwa mmoja tu, tairi kugusa mkono wa juu kwa ndani, na wewe kwa hesabu hii ndani umepata nafasi zaidi kuliko zamani, kama mm 20.

Kama rimu unaweza kubadilisha au kuuza, tafuta za inchi 8 zenye ofseti kati ya +10 na +20. Kwa +15 unarudisha mm 15 ndani, na pale nyuma unapata karibu mm 9. Ndani nafasi hadi mkono wa juu itakuwa karibu sawa na ya kiwandani, lakini pima: zikibaki mm 8 hadi 10 usukani ukiwa umekatwa, panatosha. Usirudishe rimu zako za zamani za inchi 7 kwa tairi hili. 285/75R16 linataka rimu ya inchi 7.5 hadi 9. Ukinunua zilizotumika pale Kisekka, soko la spea Kampala, ofseti imepigwa muhuri nyuma ya rimu, mara nyingi kwa herufi ET. Isome mwenyewe kabla ya kulipa, na izungushe kwenye mashine ya balansi uone kama haijapinda.

---

Nyundo_Lira

Asanteni sana. Nimepima kwa chokaa na kwa jeki kama Fundi alivyoeleza. Mkono wa juu hauguswi, kidole kinapita vizuri. Bampa inagusa plastiki ya pembe tu, ukirudi nyuma. Nyuma ndiko kwenye shida: usukani ukifika mwisho tairi linagonga ukingo wa mbele wa mguu wa kabini, pande zote mbili, kushoto zaidi. Na gurudumu likiwa juu kabisa linagusa pia ule mkunjo wa bati ulio nyuma ya plastiki, kwenye ukuta wa miguu. Juu ya madigadi panabaki kama mm 10.

Baada ya alaimenti, kasta 3.1 kushoto na 3.0 kulia, mkwaruzo wa tambarare umepungua lakini haujaisha. Kama lazima nikate, nikate vipi bila kuharibu kabini?

---

Cheche_Katwe

Habari ndugu. Kwa vipimo hivyo, kukata mguu wa kabini ni kazi ya kawaida kwa Hilux yenye tairi la kimo hiki, na ikifanywa vizuri kabini haidhuriki. Ikifanywa ovyo, utapata ufa kwenye fremu. Anza na vilaini.

Madflapu za mbele zitoe, au zirudishe nyuma kwa kutoboa matundu mapya. Plastiki ya pembe ya bampa kata kwa kisu chenye makali, mstari wa mviringo, mm 20 zinatosha. Plastiki ya ndani ya madigadi usiitupe. Ndiyo inayozuia tope na mawe yasipige nyaya na bati. Ipashe kwa bunduki ya hewa moto hadi ilegee, isukume nyuma kwa kipande cha mbao mpaka ishike umbo, ishikilie ipoe, kisha ifunge kwa klipu mpya.

Ule mkunjo wa bati: ni maungio ya karatasi mbili za bati, yamesimama kama ukingo. Yakwangue rangi, yakate kwa grenda kila sm 3 au 4 bila kufika kwenye mstari wa kuchomelea, kisha yalaze kwa nyundo moja baada ya jingine kuelekea nyuma. Ziba kwa dawa ya kuziba maungio, paka praima, paka rangi. Ukiacha wazi, maji ya mvua yataingia chini ya zulia na bati litaoza kwa ndani mahali usipopaona.

Sasa mguu wa kabini.

Toa gurudumu, plastiki na madflapu. Ondoa nyaya zote mbili za betri, na klempu ya ardhi ya mashine ya kuchomelea ishike kwenye mguu wenyewe, karibu na unapochomelea, umeme usipite kwenye bearing au kompyuta ya injini. Kunja zulia la ndani upande huo na uweke mtu mwenye maji au kizima moto. Joto la kuchomelea hupita bati. Funika bomba za breki kwa kitambaa cha turubai kilicholowa. Weka jeki yenye kipande cha mbao chini ya ukingo wa kabini, iguse tu, isiinue.

Chora mstari wa wima kwenye ukingo wa mbele wa mguu. Kwako wewe, kwa hesabu ya Rimu16, mm 32 hivi ukibaki na rimu hizi, au mm 23 ukipata za +15. Lakini mpaka ni raba: washa kubwa ya raba lazima ibaki na chuma chake kamili chini yake, na usikaribie tundu la bolti. Mstari ukigusa washa, simama hapo hapo. Kilichobaki kitafute kwenye ofseti au kwenye saizi ya tairi. Kata kwa diski nyembamba ya mm 1. Utaona mguu ni boksi lenye uwazi ndani, na sasa liko wazi upande mmoja. Hapo ndipo wengi wanapoacha, na hapo ndipo ufa unapoanzia, kwa sababu boksi lililo wazi halina nguvu ya kusokotwa. Lifunge kwa sahani ya mm 3, iliyokunjwa kufuata umbo la ulichokata. Elektrodi ya 2.5, E6013, ampea 70 hadi 90. Chomelea vipande vya sm 2, ruka upande mwingine, acha papoe, rudi. Ukienda mfululizo utaipika raba ya kabini. Toboa tundu la mm 8 chini kabisa maji yatoke. Saga, praima ya zinki, rangi nyeusi, na lami ya chini ya gari.

Kabla ya kufunga plastiki, rudia kipimo cha jeki. Unataka angalau mm 10 kila mahali raba ya kugotea ikiwa imebonyea, kwa sababu udongo mweusi wa Karamoja hujipaka humo ndani na kukauka.

Zile mm 10 zilizobaki juu ya madigadi ni chache kwa gari la mzigo. Badala ya kuinua, weka washa za chuma za mm 8 hadi 10 chini ya raba za kugotea, na bolti ndefu zaidi. Gurudumu litagota mapema kidogo. Utalisikia gari kuwa gumu zaidi kwenye mashimo makubwa, lakini shokapu zenye spesa ya juu zitakushukuru, maana hazitagonga ndani. Nyuma, hakikisha umbali kutoka raba ya nyuma hadi ekseli unalingana pande zote mbili baada ya kuongeza jani, na uangalie bolti ya katikati ya springi imekaa kwenye tundu lake. Isipokaa, ekseli inasogea na tairi moja la nyuma litaanza kugusa ukipakia.

---

Mzigo_Arua

Naheshimu kazi ya Cheche, ila nyinyi nyote mmelichukua tairi la 285 kama amri. Gari hili linabeba kilo 700 kwenye maramu. Kwa kazi hiyo, 235/85R16 la plai 10 lina kimo cha mm 806, linakaa kwenye rimu za kiwandani za inchi 7, na ofseti inarudi +30. Ni jembamba kuliko la kiwandani kwa mm 30, kwa hiyo hata kwa kimo kilichozidi, ukilichanganya na alaimenti hiyo mpya, mguu wa kabini huenda usiguswe kabisa. Faharasa ya mzigo ni 120 kwa tairi moja, yaani kilo 1400. Unachopoteza dhidi ya 285 ni mm 14 tu za kimo chini ya ekseli ya nyuma. Kwenye tope, tairi jembamba hukata hadi kufikia udongo mgumu. Kwenye mchanga tu ndipo pana linashinda. Kulipia grenda na kuchomelea kwa ajili ya mm 14, mimi ningefikiria mara mbili.

---

Rimu16

Mzigo ana hoja nzuri, na kama Nyundo hajakata bado, ajaribu kuazima seti ya 235/85 apime kwa jeki. Akibaki na 285, mambo mawili ya kukumbuka. Spidomita: ikionyesha 80, gari linakimbia karibu 86, maana tairi limekua kwa asilimia 7. Na la akiba: pima kama 285 linaingia chini ya bodi nyuma, mara nyingi linabana. Akiamua kubaki na akiba ya zamani ya 265/70, hilo lifungwe mbele, gari likiwa kwenye H2 pekee, yaani likisukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Likipasuka la nyuma, hamisha zima la mbele lije nyuma na dogo liende mbele, hasa kama difu ya nyuma ina loki au limitedi slipi. Ukiingiza H4 (magurudumu yote manne) kwa matairi ya vimo tofauti, transfa, yaani gia inayogawa nguvu mbele na nyuma, inajisokota na kitu cha ndani kitavunjika, pengine katikati ya Abim na Kotido.